Afande Hataki Kula

Kila siku nikitoka shule kazi yangu ni moja: kupitisha sumaku sakafuni katika chumba cha cherehani cha mama, niokote pini kabla hazijamchoma mteja. Mama ni fundi wa nguo, na pini zake huanguka kama mvua. Siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza shangazi alipoingia na sanduku la kioo mikononi. Shangazi ni daktari wa wanyama. Ndani ya sanduku alikaa iguana, mjusi mkubwa wa kijani mwenye miiba laini mgongoni.

"Mwenyewe amehama mji," alisema. "Nimemletea Bosi."

Bosi ni mdogo wangu wa miaka tisa. Tunamwita hivyo kwa sababu hata akiomba maji, huomba kama anayeamuru. Yeye apewe! Si mimi, niliyeomba mnyama tangu nikiwa darasa la tatu! Roho iliniuma mpaka masikio yakapata moto.

"Ataitwa Afande," Bosi alitangaza. "Tazameni anavyotukazia macho!"

"Afande ana hofu," shangazi alisema. "Msimshike kwa wiki mbili. Taa hii ya joto iwake mchana kutwa. Mpeni majani ya maboga na boga lililokunwa. Na huku nyuma mfunikeni, apate pa kujificha."

Mama alinyoosha mkono rafuni, akachomoa kitambaa cha zambarau, akakitundika nyuma ya sanduku. Kitambaa changu! Kile kile alichoniahidi kunishonea gauni.

"Mama, hicho ni changu!"

"Ni wiki mbili tu. Mbona una roho ya kwa nini, wewe?"

Nikanuna. Siku ya pili Afande alitafuna majani mawili, na nyumba nzima ikashangilia utadhani Bosi amefaulu mtihani. Mimi nilikuwa nimefaulu mtihani wa kweli wiki hiyo hiyo. Nani alinipigia makofi?

Kesho yake, Bosi akiwa nje anacheza, nilikitoa kitambaa nikakificha chini ya godoro langu. Mama alipouliza, nilijibu bila kupepesa macho: "Shangazi amepiga simu. Anasema sasa apate mwanga." Mama alikuwa na sare arobaini za kushona, akaitikia tu bila kuinua kichwa.

Tangu hapo Afande hakula. Alitikisa kichwa, akatandaza ngozi ya shingo, akaupiga ukuta wa nyuma wa sanduku kwa mkia, pa! Bosi alibadilisha majani asubuhi na jioni, akayakata madogo madogo, akambembeleza kwa maneno matamu. Wapi!

"Hakupendi," nilimwambia. Na nilifurahi kusema hivyo, sitadanganya.

Baada ya siku tano rangi ya Afande ilikuwa imefifia. Shangazi alikuja, akamkagua ngozi na macho tu, akakunja uso.

"Bosi, umekuwa ukimshikashika?"

"Hata kidole, shangazi! Haki ya Mungu!"

"Sema kweli, mwanangu," mama akaingilia. "Njia ya mwongo ni fupi."

"Kuna kitu kinamsumbua, wifi," shangazi alimwambia mama. "Akiendelea hivi atakufa. Namrudisha kliniki, halafu nimtafutie nyumba nyingine."

Bosi hakubisha. Aliketi sakafuni akalia bila sauti, yeye ambaye kilio chake husikika hadi barabarani. Siku zote hizo nilikuwa nikiombea Afande aondoke ili mimi na Bosi tuwe sawa. Sasa anaondoka, na furaha siioni. Shangazi alikuwa amekwisha kulishika sanduku.

"Ni mimi," nilisema. "Nilitoa kitambaa. Shangazi hakupiga simu. Nilidanganya."

Shangazi hakunigombeza. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya Afande, akatazama kule anakotazama. Nyuma ya sanduku palikuwa na kioo kirefu cha kupimia nguo, na ndani ya kioo iguana mwingine alikuwa akitikisa kichwa.

"Maskini! Anadhani kuna mwenzake amemvamia," shangazi alisema. "Siku zote hizi anagombana na sura yake mwenyewe."

Nilikimbia nikaleta kitambaa, nikakitundika kwa mikono yangu. Mama alinipa adhabu ya kushona mapindo ya sare kumi kwa mkono. Bosi hakunisemesha, wala sikumlaumu.

Asubuhi iliyofuata shangazi alipitia kwetu kabla ya kwenda kazini. Tulimkuta Afande ameinamia bakuli, anatafuna boga taratibu, mdomo wote umekuwa wa njano. Bosi alijiziba mdomo asimshtue.

"Mnaona?" shangazi alisema, lakini alinitazama mimi. "Chakula chake kilikuwa hapa hapa. Alikuwa akimkodolea macho yule wa kwenye kioo, akashinda njaa, na wala hakukuwa na mtu mle. Wivu ndivyo ulivyo, mwanangu. Unakupa adui asiyekuwapo. Siku nyingine kitu kikikuuma, njoo useme. Ukificha, unamuumiza hata asiyekukosea."

Bosi alisogea kidogo kwenye benchi.

"Kaa," aliamuru. "Lakini usimguse."

Nikaketi kando yake, mikono nimeikalia.