Kambare Mahali pa Mbuzi

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, ndiyo siku kila kitu kiliharibika. Niliamka nikakuta kambare wangu wote wanaelea tumbo juu tangini. Sukuma wiki juu ya kokoto bado kijani, kama haina habari.

Nikampigia Mutindi, yule mtaalamu kutoka Tulia. Ndiye alinifundisha hii kazi: samaki wanachafua maji, pampu ya sola inayapeleka kwenye kokoto, mboga zinakula uchafu, maji yanarudi safi.

"Mutindi, samaki wameisha."

"Wuui! Usiguse kitu, Baba Mbithe. Nakuja."

Kabla afike, akafika Mulwa, mkubwa wa mradi huu wa samaki, na gari lake la serikali; habari zilishamfikia.

"Mzee Kilonzo, huyo msichana ameua samaki wako. Tumemsimamisha kazi. Ijumaa sokoni Tawa utasema ni yeye, tukuletee samaki wengine."

Wakubwa nawajua. Mke wangu Kasyoki alifia njiani, ambulensi haina mafuta. Wakubwa walileta nini? Shada la maua. Moyo wangu ulilala hapo, mpaka Mutindi alipoanza kuja kupima maji.

Mutindi akafika, akachota maji, akanusa.

"Nani aliongeza maji?"

"Mulwa. Jana alileta bauza, lile lori la tangi, na maji ya mfereji. Alitaka tangi lijae, apigwe picha."

"Na nilisema yalale kwenye pipa kwanza, dawa ya klorini itoke!"

"Nilimwambia. Akasema watu wa kamera hawawezi ngoja pipa."

Nikamweleza alichotaka Mulwa. Akakaa chini, akajishika kichwa.

"Ukisema hivyo Ijumaa, hupati samaki."

"Na nikisema ni wewe?"

"Unapata samaki. Mimi unanikosa."

Ijumaa soko lilijaa. Mulwa akanipa kipaza sauti.

"Mzee, waambie watu nani aliua samaki."

Nikanyanyua ndoo. Ndani kulikuwa na kambare wawili wazima, alionipa Mutindi.

"Mheshimiwa, bauza yako ni ile pale. Watilie hawa maji."

"Wacha mchezo, mzee."

"Tia, mwana!" mama mmoja muuza nyanya akapaza sauti. "Si ni maji tu?"

"Hatuwezi kuua viumbe mbele ya watu!"

"Ahaa! Umejuaje watakufa?" nikamuuliza.

Soko lote likalipuka. Mulwa akatafuta gari lake, akasahau kofia.

Jioni ujumbe wa Mutindi ukaingia: "Nimerudishwa kazini. Mulwa amehamishwa."

Nikajibu: "Wakubwa hawafutwi, wanahamishwa. Lakini wewe njoo, tangi ni tupu."

Akaja na samaki wachanga, tukaanza upya. Miezi ikapita, hoteli za mji wa Salama zikawa zinagombania samaki wangu, kiangazi kikiwaka nje.

"Mutindi, nataka kukuoa."

"Na mbuzi wa ntheo, wale wa posa? Kwetu bila wao mimi si mke wa mtu."

"Ukame ulimaliza mbuzi. Nina kambare."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi nilienda kwao Tulia na pipa la kambare hai. Baba yake, Mzee Mutiso, akatia mkono ndani. Samaki akamrushia maji usoni, wazee wakaangua kicheko.

"Wazee," nikasema, "mlitaka mbuzi kwa sababu mbuzi ndiye alilisha nyumba. Kwangu ni huyu."

Kicheko kikakatika. Mzee Mutiso akajipangusa uso, akawageukia wenzake. Mutindi alikuwa mlangoni, mwiko mkononi.

"Haya, semeni," Mzee Mutiso akawauliza. "Kambare anaweza kusimama mahali pa mbuzi?"