Jina Lililovuliwa

Jumatatu, saa nane na dakika tisa mchana, seva ya nyumbani kwa Handoko haikupatikana kwa jina. Saa nane na dakika kumi na moja ikapatikana. Katikati hapo hakuna mtu aliyegusa kitu.

"Picha zangu hazifunguki," mkewe, Wening, alisema kutoka chumba cha batiki. "Inasema hakuna kitu chenye jina hilo."

Handoko alikuja, akabonyeza. Zikafunguka.

"Mbona inafanya kazi?"

"Ikikuona wewe inajitia adabu, Mas," alisema, akimwita kama wake wa huko wawaitavyo waume.

Mtandao wa nyumba yao pale Klaten ulikuwa na vifaa tisa. Kila kifaa kilikuwa na namba, na kwa kuwa hakuna anayekariri namba, seva ilipewa jina. Ukiliita, kisanduku kidogo kabatini kinakujibu: jina hili ni namba kumi na nne. Handoko aliitwa na ofisi tatu mjini kurekebisha mambo kama hayo. Sasa yalimshinda kwake.

Jumanne jina lilipotea mara sita. Alibadilisha waya. Alizima ruta, akaiwasha. Alifuta majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, kompyuta na runinga. Akiketi kulinda, jina linajibu. Akienda kuoga, Wening anapiga kelele. Mara moja alitoka bafuni na povu masikioni, akakuta kila kitu kiko sawa.

"Ofisi tatu zinakuita fundi," Wening alisema. "Sisi tukuite nani?"

"Hebu ninyamazie kwanza, Dik," alimjibu mkewe.

Binti yao, Lasmi, mwenye miaka sita, alikuwa amelala mkekani. Homa ilikuwa ikimpanda na kushuka, na zahanati haikuona kitu kwenye damu. Wening alimpima kila mara na kuandika kwenye simu.

Jumatano Handoko alipata kosa. Ruta ilikuwa ikivielekeza vifaa sehemu mbili za kuulizia majina: kwenye kisanduku chake, na kwa kampuni ya intaneti, ambayo haikujua lolote la ndani ya nyumba ile. Kifaa kikiuliza huku kinajibiwa, kikiuliza kule kinaambiwa hakuna. Alifuta sehemu ya pili, akapiga meza kwa kiganja.

"Nimemkamata, mshenzi!"

Alhamisi adhuhuri tatizo likaanza upya, kwa namna nyingine. Sasa jina lilikuwapo, ila si kwenye namba kumi na nne. Lilikuwa kwenye namba sabini na saba, na nyumba ile haikuwa na kifaa cha namba hiyo. Handoko aliipigia hodi kwa kompyuta yake. Ikajibu. Alizima kila kitu, akabakiza kompyuta aliyoishika, ruta na kisanduku, akapiga hodi tena, nayo ikajibu upesi kuliko mwanzo, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

Kabatini mlitoka harufu ya muhogo wa kuchoma. Alipapasa waya zote. Zilikuwa baridi.

Mama mkwe wake, Mbah Rukinah, alikuwa akipita na sinia. Akasimama.

"Nani anachoma muhogo?"

"Hakuna, Mbah."

"Najua hakuna. Harufu hii pasipo moto ni ya jini. Ndiyo maana nauliza."

Wening alikuja na simu yake mkononi. Alisema kwa sauti ya chini, "Nisomee saa zako."

Handoko akasoma saa ambazo namba sabini na saba ilijibu, na Wening akasoma saa ambazo homa ya mtoto ilipita thelathini na tisa, na walisoma wakipokezana, Handoko saa sita na dakika arobaini, Wening saa sita na dakika arobaini na moja, Handoko saa saba na robo, Wening saa saba na robo, mpaka Handoko akaacha kusoma kwa sababu tayari alijua mkewe angesema nini.

"Hiyo mashine yako," Mbah Rukinah aliuliza, "umeiitaje?"

Handoko alitazama sakafu.

"Mas. Umeiitaje?" Wening akarudia.

"Jagadwati."

Wening alikimbilia mkekani, akamziba Lasmi masikio.

Lasmi alizaliwa akiitwa Jagadwati, jina lililochaguliwa na babu yake, baba wa Handoko, kabla hajafariki. Kwa miaka miwili mtoto hakumaliza wiki akiwa mzima. Wazee walisema jina linamlemea. Ukapikwa uji mwekundu na mweupe, Pak Karso, mzee anayejua mambo ya majina, akamvua lile jina, akamvika la Lasmi, na mtoto akanenepa. Jina lililovuliwa halitamkwi tena ndani ya nyumba. Handoko aliona huruma kulitupa jina la baba yake. Aliponunua seva, akaivika.

Pak Karso aliziba pancha karibu na stesheni. Alikuja Ijumaa baada ya sala, gundi ikiwa bado vidoleni.

"Vifaa vyako vinaliita mara ngapi kwa siku?"

Handoko alitazama kumbukumbu ya kisanduku. "Elfu nne na mia mbili."

"Mimi nilikukataza hata mara moja."

"Nilidhani ni kwa watu tu, Pak."

"Ulidhani."

Aliamuru lifutwe kila mahali. Alisoma dua mbele ya kabati, na Handoko akalifuta kwenye simu, kwenye runinga, kwenye ruta, na kila alipolifuta mahali pamoja harufu ya muhogo ilizidi, ikajaa sebule, ikawa moshi usioonekana uliowakohoza wote isipokuwa Lasmi, aliyekuwa ameketi wima mkekani, macho kabatini, mpaka alipolifuta kwenye kisanduku, mahali pa mwisho, na harufu ikakatika mara moja kama moto uliomwagiwa maji.

Saa kumi na moja jioni Lasmi alipimwa thelathini na sita na nusu. Aliomba wali na mayai.

Jumapili alasiri Wening alikuwa sokoni na Mbah Rukinah amelala. Handoko alifungua kumbukumbu ya kisanduku kuhakikisha. Jagadwati halikuwamo. Saa tisa na dakika nne, mbele ya macho yake, ukaingia mstari mpya: namba sabini na saba ilikuwa ikiulizia jina. Jina lilikuwa Lasmi. Kisanduku kilijibu kwamba hakuna kifaa kiitwacho hivyo. Saa tisa na dakika tano ikauliza tena.

Handoko hakuwa amefungua mdomo. Saa tisa na dakika sita Lasmi aliweka chini kalamu yake ya rangi, akaligeukia kabati na kuitika, "Abee."