Presha ya Mama Maulida

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Odeta alifagia uwanja, akasuuza vikombe, kisha akampima mama yake presha. Kazi mbili za kwanza alizifanya kwa kununa. Ya tatu aliifanya kwa madaha, kama waziri anayekata utepe.

Mashine hiyo haikuwa yao. Ililetwa hapo Mabatini na Nesi Gladness, wa kikundi cha watafiti waliotaka kujua kwa nini baadhi ya wajawazito hupandwa na presha, wakapata kifafa cha mimba, na hata kupoteza watoto. Wajawazito wengi wa Mwanza walikuwa wamekubali kupimwa nyumbani. Unafunga mkanda mkononi, mashine inanguruma, halafu unabonyeza kitufe cha kijani na majibu yanakwenda kwenye simu ya nesi.

Mama Odeta alikubali kwa sababu mimba yake iliyopita iliisha vibaya. Mtoto alizaliwa kimya. Tangu siku hiyo habari zake hazikuzungumzwa humo ndani.

"Mashine hii ni ya mama peke yake," Nesi Gladness alisema siku ya kuileta.

Maneno hayo angewaambia watu wa mtaa mwingine. Mtaani kwa kina Odeta, kinu cha huyu kililala kwa yule, na ngazi ya fundi ilizunguka mpaka mwenyewe akaisahau. Kitu kikiingia nyumba moja, kimeingia nyumba zote. Haikupita wiki, jioni uwanja ulijaa watu wamekunja mikono ya mashati.

"Shikamoo, Mzee Machibya," Odeta alimwamkia fundi cherehani wa jirani.

"Marahaba, daktari. Nipime taratibu. Timu yangu imefungwa leo pale Kirumba."

Mashine ikanguruma. Odeta akakunja uso. "Mzee, imepanda!"

"Hiyo siyo yangu, ni ya golikipa. Mimi nimeibeba tu."

Watu wakacheka. Odeta naye akacheka, lakini kitufe cha kijani hakukigusa. Hicho kilikuwa cha mama tu.

Kisha asubuhi moja mama yake akaukunja mkono wake ndani ya kitenge. Alikuwa ameketi mkekani, kichwa kinamuuma tangu alipoamka.

"Leo usinipime, mwanangu."

"Lakini nesi anasubiri majibu, mama."

"Mpime yeyote. Mimi nimechoka na hizo namba. Mara ya mwisho zilianza kupanda hivihivi, halafu..." Hakumalizia.

Mama Maulida, jirani wa mlango wa pili, alikuwa amekuja kuomba kiberiti na sasa anakunywa chai. Akanyoosha mkono wake mnene. "Nipime mimi. Shoga yangu apumzike. Mkono si mkono tu?"

Odeta alisita. Alimtazama mama yake, akaona macho yanamsihi. Akafunga mkanda, akapima, akabonyeza kijani. Punde Nesi Gladness akapiga simu: "Hongera, mama! Presha yako safi kama ya msichana!"

Mama Maulida alitamba wiki nzima. Kila asubuhi alifika na mkono wake, akaondoka na kikombe cha chai. "Mie msichana, nesi kasema," alimwambia kila aliyepita.

Jumamosi Mzee Machibya akaja tena kupimwa. Mashine ilipotulia, akaikodolea macho. "Mbona hubonyezi hiki cha kijani? Au majibu ya mzee hayana hadhi?" Kabla Odeta hajamzuia, kidole cha fundi kilishatua.

Haukupita muda mrefu, bajaji ikaingia uwanjani kwa honi, kuku wakatawanyika. Nesi Gladness akaruka kabla haijasimama, mkoba begani.

"Mgonjwa yuko wapi? Presha iko juu sana!"

Macho yote yalimgeukia Mzee Machibya, ambaye bado alikuwa amefungwa mkanda. Nesi akamtazama kuanzia kipara mpaka kandambili.

"Baba, una mimba?"

"Labda ya wali wa mchana," fundi akajibu kwa unyonge.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata nesi alicheka, ingawa alimwambia mzee kwamba Jumatatu amwone zahanati bila kukosa. Kisha akavuta pumzi. "Afadhali. Nilidhani ni Mama Odeta. Kumbe yeye wiki nzima presha yake nzuri. Basi, ngoja niwahi kwa wengine."

Akaubeba mkoba wake. Mama Maulida akaanza kukohoa kikohozi cha ghafla. Odeta aliitazama miguu ya mama yake, aliyekuwa ameketi mkekani. Ilikuwa imevimba mpaka kandambili hazikuingia. Mama alimtolea jicho kali, la kumwambia nyamaza.

Odeta akawaza: nikisema, mama atakasirika. Nisiposema, nesi ataondoka.

"Dada Gladness!" alipaza sauti. "Usiende! Hiyo presha ya wiki nzima siyo ya mama. Ni ya Mama Maulida!"

Kicheko kikakatika. Nesi hakugomba. Alipiga magoti mkekani, akamfunga mama mkanda, akasubiri. Alipoona majibu, alisema neno moja kwa dereva wa bajaji: "Hospitali."

Mama alishika mkono wa Odeta. "Naogopa."

"Twende ukiogopa hivyohivyo, mama," Odeta akasema, naye analia.

Mtoto alizaliwa usiku huohuo, wa kike, njiti, mdogo lakini analia kwa hasira. Wiki kadhaa alikaa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akiongezeka taratibu. Siku waliyorudi nyumbani, mtaa wote uliwasubiri mlangoni.

Nesi Gladness aliyewasindikiza aliwatuliza. "Sikilizeni. Mwanasayansi hana macho ya kuona ndani ya mimba. Anaona kwa majibu mnayompa. Mkimpa ya uongo, mnampofusha. Na hapotei peke yake, anawapoteza wajawazito wote watakaotibiwa kwa utafiti huo. Mama Odeta aliogopa, na kuogopa si kosa. Lakini ugonjwa ukifichwa hauondoki, unapata nafasi. Mtoto huyu yupo kwa sababu dada yake alisema kweli wakati wakubwa wake walitaka anyamaze."

Mama Odeta akafuta machozi kwa kitenge.

"Alhamdulillahi, tumesikia," akasema Mama Maulida, mikono mbele. "Sasa nipeni mtoto!"

"Kanawe kwanza, kwa sabuni," Nesi Gladness akamjibu.

Na uwanja mzima, Mzee Machibya akiwa wa mbele, ukapanga foleni kwenye ndoo ya maji.