Fundi Aliyesema Haumwi

Jumatano, tarehe 12 Agosti. Mvua ilikuwa imekatika ghafla asubuhi hiyo, na upepo ulikuwa ukigongagonga madirisha.

"Usizime redio!" fundi umeme alimnong'oneza mkewe. "Pakiwa kimya watatusikia."

"Akina nani, mume wangu?"

"Walioweka vinasa sauti ukutani."

Kuta za sebule zilikuwa zimetobolewa, nyaya zinaning'inia wazi. Watoto wao pacha walikuwa wamepelekwa kwa bibi yao, wasije wakanaswa na umeme. Fundi hali, halali, anazunguka tu na bisibisi mkononi.

"Twende hospitali, nakusihi."

"Hospitali? Nani anaumwa? Unaumwa wewe?"

Mkewe alijifungia chumbani, akapiga magoti. "Ee Mungu, nisamehe uongo ninaokwenda kuusema." Akatoka.

"Kuna kazi. Swichi ya wodi imeungua, wanatafuta fundi wa haraka."

Fundi akachukua mkoba wa vifaa mara moja. Wodini alipanda kiti, akaifungua swichi.

"Mbona hii nzima?"

Nyuma yake mlango ulifungwa kwa ufunguo. Aligeuka, akamwona daktari, wauguzi wawili, na mkewe akilia.

"Mama Pacha... umeniuza?"

Alipigana. Wakamshika, wakamchoma sindano.

Jioni mkewe alipata ujumbe wa mama mkwe: "Umemfungia mwanangu na wendawazimu. Akitoka anarudi kwangu. Wewe tafuta pa kwenda."

Kila siku mkewe alikwenda kumwona. Kila siku fundi alimgeuzia mgongo. Lakini alianza kula. Akaanza kulala. Siku moja akawatania wauguzi.

Siku ya kuruhusiwa, mama mkwe alifika mapema na begi.

"Unajionaje sasa?" daktari aliuliza.

"Sikuumwa jana, siumwi leo. Nilikuwa na usingizi tu."

"Si nilisema!" mama akadakia. "Haya baba, twende nyumbani."

"Na dawa?" daktari akauliza.

"Nitameza. Zinalaza vizuri kuliko godoro lenu."

Muuguzi alicheka. Mkewe hakucheka.

"Unaniacha?" aliuliza.

"Sindano nimesamehe. Lakini ulinijia kwa kazi yangu. Sikuwa naamini kitu kingine chochote duniani, na wewe ukapitia hapohapo."

"Ningekuambia ukweli, ungekuja?"

Fundi alitazama dirisha, kisha akamtazama mkewe. Mke alikuwa amekonda.

"Nisingekuja."

"Basi ningefanyaje?"

Mama mkwe alishusha begi chini taratibu.

"Mwanangu," alisema, "nyumbani kwako ni kwa huyu."

Fundi alisimama, akamshika mkewe mkono.

"Mama, daktari, na wewe muuguzi unayecheka, sikieni. Mimi siumwi, na wala msinibishie. Lakini siku mke wangu akiniambia nimebadilika, nitakuja naye hapa, hata kama moyoni namwona mwongo. Ila asinidanganye tena."

"Sitakudanganya," mkewe alisema. "Nitakuambia usoni, hata ukinitukana. Mungu ananisikia, na hawa wote wananisikia."