Mrija Uliozibwa

Mluzi ulianza mchana kweupe, watu wakiwa kazini, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Jini la usiku unajifunika shuka yakaisha. La saa za kazi utalikimbilia wapi?

Ulisikika katika maabara yenye wanawake wawili. Mpimaji alikuwa mjamzito wa miezi saba, wote wakimwita Mama Kijacho. Mkuu wake alikuwa dada wa mumewe, yaani wifi yake. Mashine yao ilichoma matone yaliyokamuliwa kwenye mboga ili kupima dawa za wadudu, na hewa ya sumu ilitolewa nje kwa mrija mwembamba uliopenya ukutani. Humo mrijani ndimo ulimotoka mluzi.

"Linakuita wewe," wifi alinong'ona. "Wewe na huyo wa tumboni."

Wifi, na usomi wake wote, ndiye aliyemleta mganga. Hofu haina cheo. Mganga alisikiliza, akasokomeza kitambaa chekundu mrijani. "Njia yake nimeiziba. Msiguse."

Mluzi ukakoma, wakashukuru, wakaendelea na kazi. Kisha ikaja harufu tamu, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kichwa kikaanza kumgonga Mama Kijacho, ulimi ukawa mchungu, na kila alipoinamia mashine aliona kwa pembe ya jicho mtu mrefu amesimama nyuma yake, akigeuka hayupo, akirudi kazini yupo, tena amesogea, mpaka alasiri moja miguu ikamwisha nguvu akakaa sakafuni ameshika tumbo.

"Wifi, mtoto hajacheza tangu asubuhi."

Wifi alikitazama kile kitambaa, na uso ukamshuka.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Tumeiziba mashine pumzi, sumu yote tunaivuta sisi."

Alizima mashine, akafunga mtungi wa gesi, akang'oa kitambaa, akamkokota mwenzake hadi kwenye benchi la nje, chini ya mdomo wa mrija. Wakangoja, wifi mkono tumboni mwa Mama Kijacho, akilia kwa majuto.

Mluzi ukalia juu yao. Mtoto akacheza.

Walicheka huku wakilia. Mluzi ukalia tena, mtoto akacheza tena. Mara ya tatu kicheko kiliwakauka.

"Ni upepo," alisema Mama Kijacho.

"Hakuna upepo."

Wifi aliinuka, akauziba mdomo wa mrija kwa kidole gumba. Kukawa kimya.

Kisha mluzi ukasikika, mwembamba, chini ya koti la Mama Kijacho.