Kibali cha Kuchoma Kitabu Kimoja

Fomu ya mapokezi ya vitabu vya msaada ilitaka idadi ya kurasa, bila kueleza ya nini. Mwalimu Felista, mtunza maktaba wa shule moja ya msingi huko Mgeta, alihesabu kurasa za kitabu kimoja, arobaini na nane, akaandika, akagonga mhuri: MALI YA SHULE. Ijumaa alipohesabu tena, zilikuwa arobaini na tisa.

Alijilaumu mwenyewe. Kitabu kilikuwa cha katuni, cha watoto, na cha vituko: kuku mwenye miwani amefungua zahanati ya kutibu viatu. Raba inakohoa. Buti la mvua limelazwa na limegoma kunywa uji. Felista alicheka, kisha akageuka, maana nyuma ya bega lake binti yake Josephina, wa miaka minane, alikuwa anacheka pia. Mtoto huyo hakuwa amecheka tangu Januari, lori la kabichi alilopanda baba yake lilipotumbukia korongoni. Mwili ulipatikana na katambuga moja ya tairi mguuni. Ya pili haikuonekana.

Kwa kicheko kile angempa maktaba nzima. Akamwachia aende nacho nyumbani.

Wiki ya pili nyumba ikaanza kunuka gundi ya fundi viatu. Mchana, ukungu ukishuka, vilisikika viatu vikiburuzwa barazani, kimoja kimoja, kama watu wanaosogea kwenye foleni.

"Josephina, nani huko nje?"

"Wagonjwa, mama. Baba leo ni namba tatu."

Akamwonyesha ukurasa wa arobaini na tisa. Kwenye benchi la zahanati alikaa mtu mrefu asiye na uso, mguu mmoja peku, mwingine na katambuga iliyofungwa uzi wa bluu. Uzi huo Felista aliufunga mwenyewe.

"Daktari anasema atapona," mtoto alinong'ona. "Anataka tu ndugu wa mgonjwa aingie asaini."

Bibi Winfrida, mganga wa jirani aliyetoa majini siku za kazi na kuimba kwaya Jumapili, alipoitwa hakukigusa kitabu. "Huyo si mumeo, mwanangu. Hilo ni jini, limeona mtoto ana kiu ya baba, likavaa kiatu cha marehemu. Kichome leo hii."

"Kina mhuri, bibi."

"Mhuri nao unaungua."

Lakini Felista alikuwa mtumishi wa miaka kumi na tisa, na mwenzake alishaandikiwa barua ya onyo kwa ramani iliyoliwa na mchwa. Akaenda kwanza kwa mwalimu mkuu, Gervas, ambaye alisikiliza yote na kupiga ishara ya msalaba.

"Nakuamini, mwalimu. Ila mali ya serikali haichomwi kwa mdomo. Andika barua kupitia kwangu, iende kata, kata ipeleke wilayani. Sababu weka uchakavu. Jini halina kipengele."

Kitabu kikafungiwa kabatini kwa kufuli mbili.

Alhamisi saa tisa mchana, ukungu ukiwa umeziba hata mlingoti wa bendera, Felista alirudi nyumbani akakuta viatu vya shule vya Josephina vimepangwa mlangoni, visigino vikielekea ndani, vikiwa bado na joto, na harufu ya gundi ikiwa nzito kiasi cha kumtoa machozi, akakimbia peku hadi shuleni, akafungua kufuli ambazo hakuna aliyezigusa, akahesabu kurasa hamsini, na kwenye ule wa hamsini mtoto amesimama kwenye meza ya kuku, kalamu mkononi, amegeuka kumtazama, wala hacheki.

Kijiji kilimtafuta siku tisa.

Kibali kilitoka baada ya miezi mitatu, kikiletwa shuleni na Bwana Hashimu wa wilayani, pamoja na kidumu cha mafuta ya taa.

"Kisichomwe," Felista alisema, amekikumbatia kitabu. "Mwanangu yumo humo."

"Pole sana, mama. Ila kibali kikishatoka lazima kitekelezwe." Akakichukua, akahesabu kurasa, akakunja uso. "Hapa tumeandikiwa arobaini na nane. Hizi mbili za mwisho serikali haizitambui."

Akazichana kwa uangalifu, akampa, akakitia moto kitabu kilichobaki.

Felista alizishika zote mbili. Kwenye ule wa hamsini, mlango wa zahanati ulikuwa umefutika. Josephina alipapasa ukuta mweupe. Kwenye ule wa arobaini na tisa, benchi lilikuwa tupu.

"Saini hapa, mama," alisema Hashimu.

Nyuma ya Felista, barazani, katambuga moja iliburuzwa. Kisha mguu peku. Kisha katambuga.