Tofali na Ukurasa Mmoja

Mgeni aliingia kliniki ya wajawazito asubuhi ya siku yenye foleni ndefu. Alivaa suti ya buluu iliyopigwa pasi barabara, na kwapani alibana kitabu kinene. Mabenchi yalikuwa yamejaa, akasimama ukutani kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Mkeo yuko wapi, kaka?" mama mmoja akamuuliza.

"Sina mke."

"Basi umekosea pa kutafuta. Hapa wote tumeshachukuliwa."

Benchi zima likacheka. Mtafiti wa kituo akatoka chumbani kuona kuna nini. Alikuwa dada mwembamba, mikono ya koti lake jeupe imekunjwa hadi kwenye viwiko, kichwani kitambaa cha njano. Alikitambua kitabu kabla ya kumtazama mtu. Ilikuwa ripoti yake mwenyewe, aliyoipeleka wizarani akaikatia tamaa.

Mgeni akajieleza. Yeye ni ofisa wa wizara, kazi yake kuandaa makaratasi ya kamati inayoamua miongozo ya vituo vyote vya afya. Ripoti ameisoma na hajaielewa, ndiyo maana amekuja bila taarifa, aone kwa macho.

"Mwaka mzima ilikuwa wapi?" mtafiti akauliza.

"Ilikuwa inazuia mlango wetu usijifunge. Ni tofali zuri."

Mtafiti hakukasirika. Alimkalisha, akamshika mkono, na kabla hajauvuta, kidole kilikuwa kimeshatobolewa na kijiti cha kupimia wingi wa damu kimeshanyonya tone. Jibu likatokea kwenye kipimo hapo hapo. Hiyo ndiyo ripoti yote, akamwambia. Kwa utaratibu wa kawaida, mjamzito hutolewa damu akaambiwa arudi siku nyingine kwa majibu. Wengi hawarudi, na wapo wanaofika kujifungua wakiwa hawana damu ya kupoteza. Yeye aliwapima na kuwapa vidonge vya kuongeza damu kabla hawajainuka kwenye kiti.

"Na yangu ikoje?"

"Ipo tele. Mengine kijiti hiki hakipimi."

Ofisa alirudi wiki iliyofuata, akasema ana maswali, kisha akarudi tena bila maswali. Alimweleza kwamba wakubwa husoma ukurasa mmoja, ukiwapa wa pili wanaagiza chai. Tangu siku hiyo mtafiti akamwita Ukurasa, naye ofisa akamwita Tofali. Waliipunguza ripoti pamoja sebuleni kwa dada mkubwa wa mtafiti, ambaye alipita na birika akiuliza ni wizara gani hii inayofanya kazi hadi Jumapili, na kama shemeji analipwa kwa kucheka. Hakuna aliyelikanusha lile neno shemeji.

Siku chache kabla ya kikao cha kamati, ofisa alimtumia ukurasa uliokamilika. Mtafiti aliusoma amesimama mlangoni mwa kliniki. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa habari za kituo cha mbali, alikopimia pia. Katika kituo hicho kisicho na umeme, vijiti viliharibika kwa joto, na kijiti kilichoharibika husema damu inatosha hata kama haitoshi. Kwenye ripoti aliandika wazi kwamba kwa vituo vya namna hiyo, hatujui. Akapiga simu.

"Ukurasa, kituo cha mbali kiko wapi?"

"Mpenzi, hakikutosha."

"Kwenye tofali kilitosha."

Ofisa alijitetea kwa upole. Wakubwa wakiona neno "hatujui" huahirisha, na kuahirisha ni mwaka mwingine wa wanawake kutorudi. Mtafiti akajibu kwamba mwanamke wa kule atadanganywa kwamba ana damu, aende kujifungua ametulia.

"Nikiulizwa nitasema. Nakuahidi."

"Na usipoulizwa?"

"Nitasema, Tofali."

"Watu wa wizara mnaahidi kama mnavyokohoa," akasema, akakata. Simu zilizofuata hakupokea. Jumapili dada yake alitoa vikombe vitatu, akamtazama usoni, akarudisha kimoja kabatini.

Siku ya kikao, mkurugenzi alimsubiri ofisa kwenye ukumbi wa nje. Alikuwa mama wa makamo mwenye mkufu wa lulu na sauti ya chini. Alimnong'oneza kwamba karatasi hii ikipita, kiti cha mkuu wa kitengo ni chake. Ofisa akaingia, akausoma ukurasa wake. Vichwa vilitikisika kuzunguka meza. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Mjumbe mmoja alitazama saa, mwingine akafunika kalamu.

"Basi tunapitisha kwa vituo vyote."

Hakuna aliyeuliza. Mtafiti hakuwepo, wala hapakuwa na mtu wa kumpelekea habari. Ofisa aliutazama mkono wake juu ya meza, kisha akaunyoosha.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kuna jambo sikuliandika." Akaeleza habari ya joto na vijiti. "Kwa vituo vya mbali, hatujui."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu anayetazama mkwaruzo kwenye gari jipya. Akaomba dakika, akatoka, akampigia mtafiti mwenyewe.

"Binti, kijana wangu amesema mezani, bila kuulizwa, kwamba kwa vituo vya mbali hamjui. Ukiniambia mnajua, nitarudi ndani nimalize. Ni kweli hamjui?"

Mtafiti alikuwa ameshika kidole cha mwanamke. Jibu moja tu lingeipitisha kazi yake yote.

"Ni kweli, mama. Hatujui."

Kamati ikapitisha vituo vya mjini peke yake. Vya mbali vikaambiwa visubiri hadi vijiti vijaribiwe kwenye joto. Kiti cha mkuu wa kitengo kikapewa mtu mwingine, anayejua kunyamaza mambo yakiwa mazuri.

Jioni simu ya ofisa ikalia.

"Ukurasa."

"Naam, Tofali."

"Nasikia umesema bila kuulizwa."

"Tabia mbaya, nimejifunza kwako."

Mtafiti alimwambia anakwenda kituo cha mbali msimu wote wa joto, kupima upya. Ofisa akauliza kama anahitaji mtu wa kubeba vijiti, maana likizo anayo, na cheo hakimsumbui tena.

"Suti uiache."

"Nitaiacha."

"Yule mama aliyekucheka siku ile amejifungua salama. Anauliza kama umepata mke."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia asubiri tukirudi, jibu nitampa mimi."